Mlengwa kama Kigezo: Mkondo wa Towe na Mkondo wa Makosa katika Programu za Wavuti za Upande wa Seva

Ikisiri

Programu inayofanya kazi kwenye seva ya wavuti huandika katika mikondo miwili: mkondo sanifu wa towe na mkondo sanifu wa makosa. Mara nyingi wanaoanza kujifunza huelezwa kwamba mikondo hiyo hutofautiana kwa maudhui: mmoja hubeba yaliyo sahihi na mwingine hubeba yaliyoharibika. Makala hii inaonesha kwamba msingi wa tofauti hiyo ni mlengwa, yaani yule ambaye ujumbe unakusudiwa kumfikia. Hoja hiyo inajengwa kwa kupitia chimbuko la mikondo katika mfumo endeshi wa Unix, matumizi yake katika utaratibu wa CGI, na mabadiliko yaliyofuata. Makala inachambua pia istilahi za Kiswahili zinazohusika, hususani mkondo, sanifu, towe, kosa, angalizo na batli, na kubainisha namna muundo wa kirai na kauli za kitenzi zinavyoweza kumsaidia au kumpotosha mwanafunzi. Inapendekezwa kwamba istilahi na ujumbe wenyewe viundwe kwa kumzingatia mlengwa.

1.0 Utangulizi

Mtu anapofungua ukurasa wa tovuti, kivinjari chake hutuma ombi kwa seva. Pale ambapo ukurasa haujaandikwa tayari, seva huiita programu itayarishe jibu. Programu hiyo ina hadhira mbili. Hadhira ya kwanza ni mgeni wa tovuti, ambaye anangoja ukurasa. Hadhira ya pili ni msimamizi wa seva, ambaye huenda hayupo wakati huo, lakini atahitaji kujua baadaye kama kazi ilikwenda vyema, na kama haikwenda vyema, ilikwama wapi. Mikondo miwili ya uandishi iliwekwa ili hadhira hizo zisichanganywe.

Msomaji wa fasihi ana mfano wa karibu wa hali hii. Matini ya tamthilia huwa na maneno ya wahusika na huwa na maelekezo ya jukwaani. Yote huandikwa na mtunzi mmoja katika kitabu kimoja, lakini maneno ya wahusika huelekezwa kwa watazamaji, ilhali maelekezo huelekezwa kwa mwongozaji na waigizaji. Mwigizaji anayesoma kwa sauti maelekezo kwamba anaingia akiwa amebeba kikapu atakuwa hakukosea neno hata moja la matini. Kosa lake litakuwa ni kuyapeleka maneno hayo kwa wasiohusika.

Katika isimujamii, Allan Bell (1984) alieleza kwamba mzungumzaji huunda mtindo wake kwa kuitazama hadhira, na akaipanga hadhira hiyo kwa ngazi: anayesemeshwa, anayetambuliwa kuwa yumo katika mazungumzo, anayesikia kwa kupita tu, na anayedukiza. Nadharia hiyo ilihusu mazungumzo ya binadamu. Hata hivyo, mpangilio wake unafaa kuelezea jambo ambalo vitabu vya kompyuta hulipitia haraka: programu ya wavuti nayo ina anayesemeshwa, na pia inaweza kudukizwa.

2.0 Chimbuko la Mikondo Mitatu

Unix ilianza kutengenezwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Moja ya misingi yake ni kwamba programu haihitaji kujua maneno yake yanakwenda wapi. Huandika tu katika mkondo uliokwisha kufunguliwa, na aliyeiamuru ndiye anayeamua kama mkondo huo uishie kwenye skrini, kwenye faili, au katika programu nyingine. Mwaka 1973, kutokana na rai ya Doug McIlroy, yaliongezwa mabomba, yaani njia ya kuunganisha towe la programu moja na ingizo la programu inayofuata.

Hapo mwanzo kulikuwa na mkondo wa ingizo na mkondo wa towe tu. Ujumbe wa hitilafu ulipitia mlemle katika towe. Ilipokuwa towe linaishia kwenye skrini, hapakuwa na tatizo kubwa, kwa kuwa mtu mmoja ndiye aliyesoma yote. Tatizo lilijitokeza towe lilipoanza kupelekwa kwingine. McIlroy ameeleza kwamba hali hiyo ilisumbua pale towe lilipoingizwa katika faili, na ikawa haivumiliki lilipoingizwa katika programu nyingine isiyotarajia maneno hayo. Stephen Johnson, aliyekuwa katika maabara hizohizo, ameeleza sura nyingine ya kero hiyo. Waliokuwa wakipanga matini kwa mashine ya kupiga chapa kwa mwanga walilazimika kuusafisha ukanda wa karatasi kwa dawa kwa dakika kadhaa, kisha wakakuta umechapwa mstari mmoja tu, kwa herufi za kupendeza, unaosema kwamba faili fulani haikuweza kufunguliwa.

Baada ya Toleo la Sita la Unix, lililotoka mwaka 1975, Ritchie aliongeza mkondo wa tatu. Tangu hapo kila programu huanza ikiwa na mikondo mitatu iliyokwisha kufunguliwa, nayo hutambuliwa kwa namba: 0 kwa ingizo, 1 kwa towe na 2 kwa makosa.

Kisa cha ukanda wa karatasi kina funzo la kiisimu. Ujumbe uliochapwa ulikuwa sahihi kabisa kwa maudhui: faili kweli haikufunguka. Ulikuwa pia na manufaa kwa aliyeiamuru programu. Dosari yake ilikuwa kufika mahali palipokusudiwa matini ya kusomwa na watu wengine. Mkondo wa tatu uliletwa na haja ya kutenganisha wapokeaji, wala haukuletwa na haja ya kutenganisha ukweli na uongo au uzima na ubovu.

Matumizi ya leo yanathibitisha jambo hilo. Programu ya curl, inayotumika kupakua faili, huonesha maendeleo ya upakuaji kupitia mkondo namba 2 hata pale ambapo hakuna kilichoharibika. Git nayo hutoa taarifa za maendeleo kwa njia hiyohiyo. Taarifa ya maendeleo si kosa. Hupelekwa huko kwa kuwa mlengwa wake ni mtu anayeiangalia kazi ikiendelea, ilhali towe lenyewe ni la yeyote atakayelitumia.

3.0 Mikondo Miwili katika Seva ya Wavuti

3.1 Jibu kama matini yenye sarufi

Wavuti ilipoanza kuhitaji kurasa zinazotungwa papo hapo, watengenezaji wa seva waliutumia mfumo uliokwishakuwapo. Utaratibu uitwao CGI, ulioasisiwa mwaka 1993 katika kituo cha NCSA nchini Marekani na kuandikwa rasmi kama RFC 3875 mwaka 2004, unaiagiza seva iiendeshe programu kama mchakato wa kawaida. Habari za ombi hupitishwa kupitia vigeu vya mazingira na mkondo wa ingizo. Jibu huandikwa katika mkondo wa towe. Kwa hiyo, neno lolote litakaloandikwa katika mkondo namba 1 ni sehemu ya jibu kwa mgeni.

Jibu hilo lina sarufi yake. Huanza na vijajuu, yaani mistari ya utangulizi yenye jina, nukta mbili na thamani. Hufuata mstari mtupu, kisha mwili wa jibu. Mfano mfupi ufuatao unatosha:

#!/bin/sh
echo "Content-Type: text/plain; charset=utf-8"
echo ""
echo "Karibu. Matokeo ya utafutaji yanafuata."
echo "onyo: faili ya kamusi haikufunguka" >&2

Mstari wa pili unataja aina ya matini, wa tatu ndio mstari mtupu, na wa nne ni maneno ya kumfikia mgeni. Mstari wa tano unaishia na alama inayouelekeza kwenye mkondo namba 2. Mgeni hatauona. Seva ya Apache, kwa mfano, huuingiza katika faili yake ya kumbukumbu za makosa, ambako msimamizi ataukuta.

3.2 Mikondo inapochanganyika

Tuseme alama ya mwisho imesahauliwa, na mstari wa onyo umeandikwa kabla ya vijajuu. Apache itausoma kama kijajuu. Kwa kuwa una neno moja, nukta mbili, kisha maelezo, unakubaliana na sarufi ya vijajuu. Onyo litapokelewa kama kijajuu kinachoitwa "onyo" na kutumwa kwa kivinjari kimyakimya. Mgeni hataliona katika ukurasa, na msimamizi hatalikuta katika kumbukumbu zake. Lakini kama mwandishi angeandika "Faili ya kamusi haikufunguka" bila nukta mbili, seva ingeukataa mstari huo kuwa hauna umbo la kijajuu, na mgeni angepokea jibu namba 500, linaloashiria hitilafu ya ndani ya seva.

Mifano hiyo miwili ina maana ileile na imetofautiana kwa alama moja ya uandishi. Mmoja unapotea, mwingine unauangusha ukurasa mzima. Seva haisomi maana. Inasoma umbo na mahali. Ndiyo sababu mtungaji wa programu hawezi kutegemea kwamba ujumbe utajieleza wenyewe; lazima auchagulie mkondo.

Hatari kubwa zaidi iko pale ambapo mchanganyiko hauvunji kitu chochote. Lugha ya PHP ina mpangilio unaoruhusu ujumbe wa hitilafu uchapwe ndani ya ukurasa wenyewe, na mwingine unaouingiza katika kumbukumbu za seva. Ujumbe unaochapwa hutaja jina kamili la faili, saraka ilimo, na namba ya mstari. Kwa mtengenezaji aliye mezani kwake, hayo ni msaada. Yakichapwa katika tovuti iliyokwishafunguliwa kwa umma, humsomea mgeni ramani ya nyumba. Pale ambapo hitilafu inahusu hifadhidata, huenda yakatajwa pia majina ya majedwali au maneno ya swali lililotumwa. Ndiyo maana faili ya mipangilio inayopendekezwa kwa tovuti zilizo kazini huzima uchapaji huo na kuacha uwekaji wa kumbukumbu ukiendelea. Katika Perl, moduli ya CGI::Carp ilikuwa na chaguo la kuyapeleka makosa makubwa kwenye kivinjari, nalo lina faida na hatari zilezile.

Kwa istilahi za Bell, anayefaidika na uvujaji huo ni yule wa ngazi ya mwisho, anayedukiza. Hakusemeshwa, wala programu haikumtambua, lakini ameyapata maneno ya ndani. Si ajabu kwamba Kiswahili cha leo humwita anayeingilia mifumo ya kompyuta mdukuzi.

3.3 Mpangilio wa wakati

Mikondo hiyo hutofautiana pia katika namna inavyosafiri. Kiwango cha lugha ya C kilichotolewa mwaka 1989 kinaeleza kwamba mkondo wa makosa haulimbikizwi kikamilifu, ilhali mkondo wa towe hulimbikizwa katika hifadhi ya muda pale ambapo hauishii kwenye chombo cha mazungumzo na mtu. Kwenye seva, towe la programu ya C huishia katika bomba, hivyo maneno yake hungoja mpaka hifadhi ijae au programu imalize. Ujumbe wa makosa huondoka mara moja. Programu ikifa ghafla, maneno yaliyolimbikizwa hupotea pamoja nayo, lakini ujumbe wa makosa huwa umekwishafika. Anayeunganisha mikondo yote miwili katika faili moja asishangae kuukuta ujumbe wa hitilafu umetangulia maneno yaliyoandikwa kabla yake.

Kuna pia hatari ya kukwama. Bomba lina ujazo. Katika Linux kwa kawaida ni baiti 65,536. Seva inayosubiri towe liishe kabla ya kuutazama mkondo wa makosa inaweza kuiacha programu imelijaza bomba la pili na kusimama, huku seva nayo ikiisubiri programu. Kila upande unamngoja mwenzake. Kusikiliza mikondo yote kwa zamu ndiko kunakoondoa mkwamo huo.

3.4 Baada ya CGI

CGI huanzisha mchakato mpya kwa kila ombi, nao ni utaratibu unaogharimu muda. FastCGI, iliyotokea mwaka 1996, iliuacha mchakato mmoja uhudumie maombi mengi kupitia muunganisho mmoja. Mikondo haikufutwa. Iligeuzwa kuwa aina za vifurushi vya data: kifurushi cha aina ya 6 hubeba towe na cha aina ya 7 hubeba makosa. Katika Python, makubaliano ya WSGI, yaliyoandikwa mwaka 2003 kama PEP 333 na kurekebishwa mwaka 2010 kama PEP 3333, yaliliondoa jibu katika mkondo wa towe. Programu hurudisha jibu kama thamani, na hupewa chombo maalumu cha kuandikia makosa.

Mabadiliko hayo yalileta hali mpya. Katika Node.js, jibu kwa mgeni huandikwa katika kitu maalumu cha jibu. Amri ya console.log huandika katika mkondo namba 1, na console.error katika mkondo namba 2. Mikondo yote miwili sasa ni ya msimamizi. Mwanafunzi aliyezoea CGI huandika salamu kwa console.log akitarajia kuiona katika kivinjari, na haioni. Mwongozo wa mambo kumi na mawili uliotolewa na Adam Wiggins mwaka 2011 unaikubali hali hiyo wazi: programu iandike kumbukumbu zake zote katika mkondo wa towe, na mazingira yanayoiendesha yashughulike na kuzihifadhi. Teknolojia ya kontena ya Docker, iliyotangazwa mwaka 2013, hufanya hivyo kwa kukusanya mikondo yote miwili. Kontena rasmi la seva ya nginx huiunganisha faili ya kumbukumbu za ziara na mkondo wa towe, na faili ya kumbukumbu za makosa na mkondo wa makosa.

Kwa hiyo mkondo namba 1, ambao katika CGI ulikuwa sauti ya programu kwa mgeni, katika kontena umekuwa sauti yake kwa msimamizi. Namba haikubadilika, wala jina halikubadilika. Kilichobadilika ni mlengwa. Anayeifahamu mikondo kwa majina yake tu atapotea hapo, bali anayejiuliza kwanza ujumbe huu ni wa nani hatapotea.

4.0 Uchambuzi wa Istilahi

4.1 Mkondo

Neno mkondo limefaa. Maana yake ya asili ni mwendo wa maji katika mto au baharini, na sifa zake muhimu zimo katika dhana ya kompyuta: kuna chanzo, kuna mwelekeo, na kilichopita hakirudi. Watumiaji wa Kiswahili wamezoea pia kusema kwamba shule ina mikondo miwili, kwa maana ya madarasa ya ngazi moja yanayokwenda sambamba. Maana hiyo ya pili inaongeza jambo ambalo picha ya maji peke yake hailitoi: mikondo inaweza kwenda pamoja bila kuchanganyika.

4.2 Sanifu na nafasi yake katika kirai

Neno sanifu linahitaji uangalifu zaidi. Kwa msomaji wa Kiswahili, neno hilo limefungamana na usanifishaji wa lugha uliosimamiwa na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1930. Kiswahili sanifu ni kile kilichokubaliwa, na nje yake kuna lahaja na makosa. Katika kompyuta, mkondo sanifu ni ule uliokwisha kufunguliwa kwa kila programu kwa makubaliano ya mfumo. Hakuna dai la ubora. Mwanafunzi anayekutana na jozi ya "towe sanifu" na "makosa" anaweza kudhani kwamba towe ndilo lililosanifiwa, na makosa ndiyo yaliyokiuka usanifu, ilhali mikondo yote mitatu ni sanifu kwa kiwango kimoja.

Tatizo la pili ni la kisintaksia. Sanifu ni kivumishi kisichochukua kiambishi cha upatanisho wa ngeli. Vivumishi vinavyochukua viambishi hujieleza: katika "mkondo mkubwa wa makosa" na "mkondo wa makosa makubwa", viambishi m- na ma- vinaonesha nomino inayovumishwa. Sanifu haina msaada huo. Kwa sababu hiyo, nafasi ndiyo inayobeba maana. "Mkondo sanifu wa makosa" ni mkondo uliokubaliwa, unaobeba makosa. "Mkondo wa makosa sanifu" huelekea kusomwa kuwa ni mkondo unaobeba makosa yaliyosanifiwa, jambo lisilo na maana hapa. Aidha, takwimu ina dhana yake, kipimo cha kubadilikabadilika kwa makadirio ya sampuli, ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa kosa sanifu. Kuiweka sanifu mara baada ya mkondo kunaepusha utata wote huo.

4.3 Towe, pato na matokeo

Miongoni mwa maneno yanayoshindania dhana ya kitolewacho na programu, matokeo huleta fikra ya mtihani au mchezo, na pato huleta fikra ya kipato. Towe, lenye uhusiano na kitenzi toa, halina mzigo huo, na linapatana vizuri na ingizo: kitenzi ingiza kwa upande mmoja na kitenzi toa kwa upande mwingine. Uzuri mwingine wa towe ni kwamba halisemi lolote kuhusu usahihi. Ukurasa wenye taarifa za uongo nao ni towe.

4.4 Kosa, hitilafu na angalizo

Kosa katika Kiswahili humwita mkosaji. Hata pale asipotajwa, msomaji humtafuta. Hitilafu iko karibu zaidi na kasoro ya chombo: husemwa kuna hitilafu ya umeme, na hakuna anayelaumiwa moja kwa moja. Kwa kigezo hicho, hitilafu ingefaa kuliko kosa. Lakini maneno yote mawili hayatoshi, kwa kuwa mkondo namba 2 hubeba pia maonyo, taarifa za maendeleo na maelezo ya uchunguzi.

Neno angalizo linatosha zaidi. Limetokana na kitenzi angaliza, kauli ya kutendesha ya angalia, hivyo maana yake ni jambo linalomfanya mtu aangalie. Muundo huo unamweka mpokeaji ndani ya neno lenyewe. Hautaji kama kuna ubovu au hakuna. Unataja kwamba kuna mtu anayepaswa kutupia jicho. Mkondo sanifu wa maangalizo ungeueleza mkondo namba 2 kwa usahihi zaidi kuliko jina lake la kimataifa. Hata hivyo, kuna gharama. Mwanafunzi hukutana na vifupisho vya kimataifa katika kila kitabu na kila mfano, na jina lililo mbali mno na vifupisho hivyo humlazimisha kubeba majina mawili. Njia ya kati ni kuliacha jina "mkondo sanifu wa makosa" kama kisawe cha rejea, na kuutumia "mkondo wa maangalizo" katika ufafanuzi na ufundishaji, mpaka vyombo vya usanifishaji kama BAKITA na BAKIZA vitakapopima uzito wa pande hizo mbili.

4.5 Batli

Faili inayopokea maangalizo huitwa kwa kawaida faili ya kumbukumbu. Neno kumbukumbu limebebeshwa mengi: hutumika kwa kumbukumbu za mkutano, kwa kumbukizi, na hata kwa uwezo wa kompyuta wa kuhifadhi data wakati wa kazi. Kiswahili kina neno batli, ambalo kamusi huliweka kwa maana ya kitabu cha safari cha chombo cha baharini. Istilahi ya Kiingereza ya faili hiyo nayo ilitoka katika ubaharia, kwa hiyo batli si tafsiri ya kulazimisha. Nahodha haandiki batli kwa ajili ya abiria. Huiandika kwa ajili ya wenye chombo na kwa ajili ya siku ya uchunguzi. Neno hilo linataja mlengwa bila kuongezewa ufafanuzi.

5.0 Athari katika Uandishi wa Ujumbe

Utenganishaji wa mikondo una athari ya moja kwa moja katika utungaji wa ujumbe kwa Kiswahili. Juhudi za kuziswahilisha programu, kama ile iliyotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 chini ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilihusu hasa programu za ofisini, ambamo anayesoma ujumbe ndiye anayetumia programu. Kwenye seva, tukio moja linadai matini mbili, na sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kuzitofautisha.

Nyenzo ya kwanza ni kauli za kitenzi. "Umekosea" huelekeza lawama kwa mgeni, ambaye huenda hakufanya lolote. "Faili haikufunguliwa", katika kauli ya kutendwa, hudokeza kwamba kuna aliyepaswa kuifungua. "Faili haikufunguka", katika kauli ya kutendeka, husema hali bila kumtaja mtenda. Kwa mgeni, kauli ya kutendeka inafaa: "Ukurasa haupatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baada ya muda mfupi." Ujumbe huo humweleza hali na hatua ya kuchukua.

Kwa msimamizi, uficho huo ni hasara. Yeye anamtafuta mtenda na sababu. Batli iandikwe kwa kauli ya kutenda, au ya kutendwa yenye mtenda aliyetajwa, pamoja na mahali na wakati: "Programu ya utafutaji imenyimwa ruhusa na mfumo endeshi kuisoma faili ya kamusi." Kilichokuwa adabu kwa mgeni kingekuwa upungufu kwa msimamizi, na kilichokuwa ukamilifu kwa msimamizi kingekuwa uvujaji kwa mgeni.

Nyenzo ya pili ni uchaguzi wa lugha. Mgeni asomewe kwa lugha yake. Kwa msimamizi, jambo haliko wazi hivyo. Wapo wanaouacha ujumbe wa mfumo katika umbo lake la awali ili waweze kuutafuta neno kwa neno katika miongozo. Suluhisho linalozingatia walengwa wote ni kuacha misimbo na majina ya faili kama yalivyo, na kuyaeleza mazingira ya tukio kwa Kiswahili.

Nyenzo ya tatu ni kiunganishi. Matini mbili zilizotenganishwa zinahitaji namna ya kukutana. Njia rahisi ni kulipa kila tukio namba, mgeni aoneshwe namba hiyo, na batli iiandike pamoja na maelezo kamili. Mgeni akipiga simu na kuitaja namba, msimamizi ataufungua ukurasa sahihi wa batli bila mgeni kuwa ameona lolote la ndani.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba mkondo wa makosa ulizaliwa kwa sababu ujumbe wa kweli ulikuwa unafika kwa wasiohusika. Katika CGI, mkondo wa towe ulikuwa njia ya kumfikia mgeni. Katika mifumo iliyofuata, jibu lilipewa njia yake na mkondo wa towe ukamwelekea msimamizi. Katika hatua zote hizo, tofauti iliyodumu ni ya mlengwa. Istilahi za Kiswahili zinaweza kulieleza jambo hilo vizuri iwapo sanifu itakaa mara baada ya mkondo, iwapo angalizo litapewa nafasi kando ya kosa, na iwapo batli itarejeshwa katika matumizi. Walimu wa kompyuta wanaofundisha kwa Kiswahili nao wanaweza kuanza somo la mikondo kwa swali moja kabla ya kutaja namba yoyote: maneno haya yanasemwa kwa nani? Mwanafunzi anayeweza kulijibu kwa kila mstari wa programu yake hatahitaji kukariri kwamba 1 ni towe na 2 ni makosa, na tovuti atakayoijenga haitamsomea mpita njia yaliyoandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba.